Siku Kumi Katika Milki ya Plau

Siku ya kwanza, Jumapili 1 Desemba 2019: Entoto

Dereva aliniambia kwa simu kwamba angenichukua saa mbili, na saa mbili asubuhi kweli alikuwa mlangoni. Waethiopia huhesabu saa kama tunavyohesabu sisi, kwa kufuata jua, kwa hiyo kwa mara ya kwanza katika safari zangu za ng'ambo sikulazimika kujumlisha wala kutoa sita. Tarehe ndiyo iliyonishinda. Kwangu ilikuwa 1 Desemba, kwake ilikuwa 21 Hidar 2012, sikukuu ya Maryamu wa Sayuni, na barabara yote ya kupanda mlima Entoto, juu ya Addis Ababa, ilijaa watu waliojitanda mashuka meupe wakielekea kanisani.

Dereva amenizidi umri kwa miaka kama ishirini, hivyo nimeelekezwa nimwite Gashe, neno la heshima kwa mwanamume mkubwa, ambalo maana yake ni "ngao yangu". Gasha ni ngao. Gasha ni pia kipimo cha ardhi cha milki ya zamani, takriban hekta 40, na nilipomuuliza kama ni neno lilelile alicheka akasema kwamba mwenye ngao ndiye aliyepewa shamba, sasa nilitaka waliite nini?

Nieleze kilichonileta. Nimezaliwa Bukoba, na babu yangu alikuwa mtwarwa: alikaa na kulima katika nyarubanja, yaani shamba la kikabaila, ya mtwazi, bwana mwenye ardhi, akimpelekea pombe, mikungu ya ndizi na siku zake za kazi, mpaka sheria ya 1965 ilipoanza kuuvunja utaratibu huo. Nimefundisha historia sekondari miaka mingi, na kila nilipofika kwenye mada ya umwinyi vitabu vilinipeleka Ulaya, kana kwamba Afrika haikuwahi kuwa na kabaila wala plau. Ethiopia ilikuwa na vyote viwili, kwa ukubwa wa dola nzima, hadi 1975. Nimekuja kuangalia ni nani alilima na ni nani alikula.

Juu ya Entoto, zaidi ya mita 3,000, Menelik wa Pili alitawazwa kuwa mfalme wa wafalme mnamo Novemba 1889, katika kanisa hilihili la Maryamu. Mahali ni pazuri kwa vita na pabaya kwa maisha: baridi kali, maji haba na kuni zilizokwisha upesi. Mji ulishuka bondeni, kwenye chemchemi za moto, ambako Malkia Taytu alipaita Addis Ababa, ua jipya. Waoromo waliopakuta kabla yake walipaita na wanapaita Finfinne. Miji mikuu ya milki hii ilikuwa na desturi ya kuhama, kwa sababu watu wa mfalme walikula misitu na nafaka za mahali kisha wakaenda pengine, na huenda Addis Ababa nayo ingehamwa kama isingeletwa mikaratusi katika miaka ya 1890. Miti hiyo imefunika mlima mzima. Kwa Kiamhari inaitwa baharzaf, mti wa ng'ambo ya bahari, na jioni tulipokuwa tukishuka tuliwapita wanawake waliopinda migongo chini ya mizigo ya kuni zake, mirefu kuliko gari letu.

Mwaka wa kutawazwa kwa Menelik ulikuwa pia mwaka wa njaa. Sotoka ilikuwa imeingia kupitia Massawa mnamo 1887 au 1888 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia, na inakadiriwa kwamba iliua ng'ombe tisa katika kila kumi. Ugonjwa huohuo ulishuka hadi kwa Wamasai wa Kenya na Tanganyika, kwa hiyo msomaji wa kwetu anajua sehemu ya hadithi. Lakini Mmasai alipoteza maziwa na mahari, ilhali mkulima wa Ethiopia alipoteza plau yenyewe, maana plau bila maksai ni gogo. Mashamba yalilala yakiwa na rutuba yake, watu wakafa hadi 1892, na Menelik mwenyewe anasimuliwa kwamba alishika jembe la mkono mbele ya watu ili kuwaonyesha kwamba si aibu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa ni kwa nini majeshi yake yalizidi kwenda kusini katika miaka hiyo. Walifuata ng'ombe na nafaka kabla ya kufuata utukufu.

Siku ya pili, Jumatatu 2 Desemba: Gibi ya Menelik

Ikulu ya kale ya Menelik imefunguliwa kwa wageni tangu Oktoba mwaka huu, na foleni ya kukaguliwa mlangoni ilinichukua karibu saa nzima. Wengi walikwenda moja kwa moja kwa simba. Mimi nilibaki katika ukumbi mkubwa wa karamu, ambao ni mkubwa kweli, nikijaribu kuwaza ulivyojaa.

Humo Menelik aliwalisha maelfu ya watu kwa zamu, kila cheo kwa nafasi yake: wakuu karibu na kiti chake, maofisa baada yao, kisha askari wa kawaida, nyama mbichi ikipitishwa juu ya mabega ya watumishi na tej, pombe ya asali, ikimiminwa kwa pembe. Mgeni wa Ulaya aliyeona hayo aliandika kuhusu ulafi. Nafikiri hakuona kitu. Ile ilikuwa bajeti ya serikali ikisomwa hadharani: nani yuko ndani, nani amepandishwa, nani amesogezwa mlangoni.

Lugha yenyewe inakiri. Kwa Kiamhari gibr ni kodi, na karamu nayo huitwa kwa neno hilohilo. Anayelipa ni gabbar. Mkulima, hata leo, anaitwa gebere. Gashe hakuwahi kuyaweka maneno hayo mahali pamoja, nilipoyapanga kwenye daftari na kumwonyesha, aliyasoma kwa sauti mara mbili, akaniambia, "Ndugu yangu, kwa hiyo sisi tulikuwa chakula." Nilimwambia kwamba kwetu Bukoba hatukuwa mbali na hapo.

Kodi hiyo kwa sehemu kubwa haikuwa fedha. Ilikuwa nafaka, asali, siagi, kondoo, kuni, unga uliokwisha kusagwa, na siku za kazi. Kabla ya 1892 askari walikuwa wakipangwa katika nyumba za wakulima, wakala na kulala humo kama wakwe wasioondoka. Mwaka huo Menelik aliweka asrat, fungu la kumi la mavuno, ili jeshi lilishwe kutoka maghala. Sokoni watu walitumia amole, vipande vya chumvi vilivyochongwa katika bonde la Afar na kubebwa na ngamia na nyumbu hadi nyanda za juu, na katika biashara kubwa walitumia riale yenye sura ya Maria Theresa wa Austria na mwaka wa 1780. Niliziona sarafu hizo chini ya kioo. Ni zilezile zilizozunguka Muskat na Unguja, na mabibi wa pwani walizigeuza vikuku; milki iliyojifungia milimani haikuwa imejifungia sana.

Jioni nilikula shiro na dengu. Ni mfungo kabla ya Noeli yao, na nusu ya kurasa za menyu hazina kazi.

Siku ya tatu, Jumanne 3 Desemba: Debre Birhan na Ankober

Kilomita 130 hadi Debre Birhan, na nyingine kama 40 hadi Ankober. Baada ya saa ya kwanza miti ilikwisha, ikabaki ardhi tupu ya rangi ya simba iliyokatwa vipande vidogovidogo vya shayiri, ngano na maharage, kila kipande na pembe zake za ajabu. Nilimwomba Gashe asimame nitazame.

Plau ya huku, maresha, ni mti mmoja mrefu wenye ncha ya chuma, nyepesi kiasi kwamba mtu huibeba begani akitoka shamba. Haigeuzi udongo, huupasua tu, na mkulima hupita mara tatu, nne, hata tano kwa ajili ya teff, nafaka ndogo kuliko zote, ambayo ukiiweka kiganjani inapita kati ya vidole kama mchanga. Kusini mwa Sahara plau ya kukokotwa ilikuwa ya nyanda hizi peke yake kwa karne nyingi kabla ya wakoloni. Sisi tulikuwa na jembe la mkono, na jembe la mkono halimlishi mfalme mwenye jeshi la maelfu.

Sasa hivi vipande. Kaskazini mkulima alikuwa na rist, yaani haki ya kupata sehemu ya ardhi kwa kuwa ni kizazi cha mtu wa kwanza aliyeimiliki, iwe kwa upande wa baba au wa mama. Haki hiyo haikupotea hata kama mtu aliishi mbali. Angeweza kurudi baada ya vizazi viwili, akahesabu mababu mbele ya wazee na kudai fungu lake. Matokeo yake ni kesi zisizokwisha. Gashe, ambaye mama yake anatoka wilaya hii, anasema mjomba wake alijua majina ya mababu kumi na wawili na hakujua bei ya mbolea. Lakini rist haikuweza kuuzwa kwa mgeni, na hakuna bwana aliyeweza kumfukuza mkulima juu yake.

Bwana alikuwa na gult. Hiyo haikuwa ardhi, ilikuwa haki ya kukusanya: mfalme alimpa shujaa, mtu wa ukoo wake au monasteri vijiji kadhaa, naye akala kodi ya vijiji hivyo, akahukumu kesi zake na kuleta askari vita vilipotokea. Ardhi moja, haki mbili juu yake. Mkulima wa kaskazini alinyanyaswa kwa kodi, akalisha kanisa na jeshi, akanyang'anywa kuku kila bwana alipopita, lakini alijiona mtu mwenye asili, na mtoto wake akiwa hodari wa bunduki angeweza kuwa mkuu. Hapa ndipo mfano wangu wa nyarubanja ulipoanza kuchechemea, maana babu yangu hakuwa na mababu wa kuhesabu mbele ya mtwazi.

Ndiyo maana pia kaskazini iliogopa mabadiliko. Haile Selassie alipofuta gult mnamo 1966 na kuleta kodi ya mapato ya kilimo mwaka uliofuata, wakulima wa Gojjam waliinuka na silaha mnamo 1968. Hawakuwa wakimtetea bwana. Walihofia kwamba mpimaji akishaingia shambani na kamba, rist imekwisha, kwa sababu walikuwa wamesikia kamba ilifanya nini kusini. Serikali ilirudi nyuma.

Ankober imekaa ukingoni kabisa, na mbele yake nchi inaanguka hadi jangwa la Afar. Ilikuwa makao ya wafalme wa Shewa kabla ya Menelik kuwa mfalme wa wote, na misafara ya chumvi, pembe na watumwa ilipita hapa kwenda Ghuba ya Aden. Kuna magofu machache na upepo mwingi. Nilikuja kwa ajili ya mtu mmoja: Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, aliyekaa Shewa kati ya 1839 na 1842, enzi ya Mfalme Sahle Selassie, akajifunza Kioromo, akataka kuwafikia Waoromo, akafungiwa njia. Ndipo alipoamua kuzunguka baharini na kuwafikia kutokea kusini, na mwaka 1844 alitua Mombasa. Kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882 kwa jina lake ilizaliwa kwa njia ya mzunguko kutoka ukingo huu. Mwalimu wa Kiswahili asiyetetemeka kwa baridi hapa atetemeke kwa hilo.

Siku ya nne, Jumatano 4 Desemba: njiani

Tumerudi Addis Ababa, tukapita mjini bila kusimama, tukashuka hadi Adama. Pancha moja. Tukiwa tunasubiri tairi tuliona teff ikipurwa: maksai sita wamefungwa pamoja wakizunguka juu ya mabua kwenye uwanja uliosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, na kijana nyuma yao akiwaimbia. Nilipewa uma wa mti nipepete. Makapi yote yalinirudia usoni, na kijana alicheka mpaka akakaa chini.

Kandokando ya Adama yako mashamba ya miwa ya Wonji, ambako kampuni ya Uholanzi ilianza kutengeneza sukari mwaka 1954. Miaka ya mwisho ya milki ilikuwa na sura mbili namna hiyo, kiwanda bondeni na maresha mlimani, na kati yao hapakuwa na ngazi.

Siku ya tano, Alhamisi 5 Desemba: Asella

Leo ndiyo siku niliyoitaka tangu nyumbani. Tumeingia Arsi, na mara moja mashamba yamebadilika: mapana, yamenyooka, ngano hadi upeo wa macho, na mashine za kuvunia zimeegeshwa kando ya barabara. Kabla ya Asella, huko Hetosa, kuna mnara wa Anole uliojengwa 2014, mkono wa jiwe ulioshika titi lililokatwa, kukumbuka ukatili unaosimuliwa na Waarsi kuhusu vita vya Menelik juu yao, vilivyodumu tangu 1882 hadi 1886. Wapo wanaoupinga mnara huo na wapo wanaoulilia. Gashe, mwana wa baba Moromo na mama Mwamhara, alibaki ndani ya gari. Sikumuuliza.

Kusini milki haikukuta ukoo wenye rist iliyoitambua. Ilikuja na mbeba bunduki, neftenya, na mshahara wake ulikuwa watu: askari alikabidhiwa familia kadhaa za wenyeji kulingana na cheo, wakawa gabbar wake, wakimlimia, wakimsagia nafaka, wakimchotea maji na kumjengea. Kisha ikaja qalad, kamba ya ngozi ya kupimia. Nchi ilikatwa kwa gasha, theluthi ikaachiwa machifu wa wenyeji waliokubali utawala, nao wakaitwa balabbat, na iliyobaki ikagawiwa dola, kanisa, askari na watu wa ikulu. Mkulima aliyekuwa juu ya ardhi hiyo siku zote alijikuta yuko juu ya mali ya mtu. Hiyo, wasomaji wa Kagera, ndiyo nyarubanja tunayoifahamu, ila mtwazi alisema lugha nyingine na alisali dini nyingine.

Utumishi wa gabbar ulifutwa kisheria baada ya Waitalia kuondolewa mwaka 1941, na kodi ikawa ya fedha. Lakini kodi hiyo ilimgeuza aliyekabidhiwa watu kuwa mwenye hati ya ardhi, na gabbar akawa mpangaji anayelipa theluthi au nusu ya mavuno, bila mkataba, akiondolewa siku yoyote. Kufikia miaka ya 1960 zaidi ya nusu ya wakulima katika mikoa kadhaa ya kusini walikuwa wapangaji wa namna hiyo. Muswada wa kuwalinda ulipelekwa bungeni mara kadhaa na kila mara ulikufa humo, jambo lisilo la ajabu katika bunge lililojaa wenye ardhi.

Mwaka 1967, mwaka wetu wa Azimio la Arusha, Wasweden walianzisha mradi mkubwa wa kilimo hapa Chilalo, makao yake Asella. Ulileta mbegu bora za ngano, mbolea, mikopo na barabara, na ulifanikiwa. Tatizo lilikuwa mafanikio. Ngano ilipoanza kulipa, wenye ardhi ambao hawakuwa wameonekana vijijini kwa miaka walikumbuka wana shamba, wakanunua matrekta, wakawaambia wapangaji wahame.

Nilikutanishwa na mzee mmoja aliyeyaishi hayo. Tulikaa nje ya nyumba yake, Gashe akitafsiri Kioromo na kumwita Obbo, neno la heshima, kila alipoanza sentensi, na mke wake akatukaangia kahawa. Alisema baba yake alilima kipande kilekile tangu ujana na nusu ilikwenda Addis Ababa kwa bwana ambaye wao hawakumwona. Trekta ilipokuja, alisema, ilikuja ikiwa imepakwa rangi nyekundu nzuri sana na watoto waliikimbilia. Wiki ileile waliambiwa waondoe ng'ombe. Familia ilikwenda kukaa kwa ndugu upande wa Bale, na ilirudi 1975, wakati wanafunzi wa chuo na sekondari, zaidi ya 50,000 nchi nzima, walipotumwa vijijini na serikali mpya ya kijeshi kueleza sheria ya ardhi ya 4 Machi mwaka huo. Sheria hiyo ilifanya ardhi yote ya vijijini kuwa mali ya umma, ikaweka kikomo cha hekta 10 kwa familia, ikakataza kuajiri vibarua na ikafuta madeni ya mpangaji kwa bwana. Nilimuuliza walifanya nini siku hiyo. Alisema walichinja. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba baada ya miaka michache wakaja watu wa serikali kununua ngano kwa mgawo na kwa bei waliyoipanga wao, na kwamba gunia la bwana na gunia la serikali lilikuwa na uzito mmoja.

Kabla hatujaondoka aliingia ndani akatoka na kijitabu chenye picha yake na ya mkewe, hati ya kutumia shamba la hekta moja na kitu. Katiba ya 1995 bado inasema ardhi ni ya dola na ya watu wa Ethiopia na haiuzwi. Ana wana watano. Hakuna aliyetaja kugawanya, ila wote tulikuwa tukihesabu.

Haile Gebrselassie anatoka huku, na alfajiri vijana walipita mbele ya hoteli wakikimbia kimya, mmoja nyuma ya mwingine kama uzi.

Siku ya sita, Ijumaa 6 Desemba

Asella hadi Jimma kupitia Addis Ababa, zaidi ya kilomita 500. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukafika saa tatu usiku. Baada ya korongo la mto Gibe nchi inakuwa ya kijani na hewa inalegea. Nimelala nikiwa na viatu.

Siku ya saba, Jumamosi 7 Desemba: Jiren

Ikulu ya Abba Jifar wa Pili iko kilimani Jiren, nyumba ya mbao ya ghorofa yenye veranda pana, na mara nilipoingia uani nilihisi kama niko Pangani. Mfalme huyu Mwislamu alianza kutawala 1878 akiwa kijana, akaona mapema kwamba hawezi kushindana na bunduki za Menelik, akakubali kulipa kodi kwa sharti kwamba askari wa neftenya wasiwekwe katika nchi yake. Kwa hiyo Jimma haikupimwa kwa kamba wakati majirani walipokuwa wakipimwa, na ilibaki na mfalme wake hadi alipokufa 1932.

Mwongozaji wa makumbusho alisifu busara hiyo, na ilikuwa busara. Ila kodi ilitoka wapi? Soko la Hirmata, chini ya kilima hiki, lilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya kusini-magharibi, na pamoja na kahawa, pembe na zabadi waliuzwa watu waliokamatwa katika nchi za pembezoni. Ethiopia iliingia Jumuiya ya Mataifa mwaka 1923 kwa kuahidi kukomesha utumwa, ikatoa amri mwaka uliofuata, na bado ilihitaji sheria nyingine mwaka 1942. Mtu wa pwani yetu hana haki ya kumnyooshea Jimma kidole, lakini ana haki ya kuuliza swali hilo makumbushoni. Nililiuliza. Mwongozaji alinijibu vizuri, kwa sauti ya chini.

Baadaye ilikuja zamu ya kahawa. Katika miaka ya mwisho ya Haile Selassie ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya mauzo yote ya nje ya nchi, na wakuu waliokuwa wakipuuza misitu ya kusini walianza kuiandikisha kwa majina yao.

Siku ya nane, Jumapili 8 Desemba: Bonga

Kilomita kama 110 tena, hadi nchi ya Kaffa. Ilikuwa ufalme wenye mahandaki ya ulinzi na mfalme ambaye watu wa kawaida hawakuruhusiwa kumtazama. Mwaka 1897 majeshi ya Menelik yaliivunja, na mfalme wa mwisho, Gaki Sherocho, aliondolewa kwa minyororo akafia utekwani mwaka 1919. Nchi ilipoteza watu wengi kwa vita na kwa utumwa uliofuata, na sehemu ya msitu mkubwa ninaouona imeota juu ya mashamba yao.

Nilitembea kijijini nikashtuka: nilikuwa nyumbani. Kila nyumba imezungukwa na migomba, majani yanachanika kwa upepo vilevile, kivuli kilekile. Lakini hakuna mkungu hata mmoja. Huu ni enset, na watu hula shina na kiazi chake, vikakwaruzwa na kuchachishwa shimoni kwa miezi hadi viwe kocho, mkate mgumu wenye harufu ya siki. Unavumilia ukame, na mama mwenye mashina ya kutosha uani halali na njaa. Nadhani pia, na haya ni mawazo yangu, ulikuwa mgumu kwa mtoza kodi. Nafaka huvunwa siku moja mbele ya macho ya wote na kugawanywa kwa mafungu; enset hung'olewa mmoja mmoja, mwenyewe anapotaka, na mwanamke ndiye ajuaye shimo liko wapi. Milki ilichukua asali, kahawa, ng'ombe na watu.

Mzee wa nyumba alinipa kahawa iliyopikwa kwa siagi, ya kutafuna. Nilitoa mfukoni kifuko changu cha kahawa za kutafuna za Bukoba, zile za kuchemshwa na kukaushwa ambazo babu asingempokea mgeni bila hizo, nikamwekea kiganjani. Alitafuna kwa muda mrefu akasema jina: buno. Gashe akasema kwa Kiamhari ni buna. Nikawaambia kwamba sisi kahawa mbichi huiita buni. Tukakaa pale tukitafuna kama wakwe.

Siku ya tisa na ya kumi, 9 na 10 Desemba: Addis Ababa

Siku ya tisa yote imekwenda barabarani. Jumanne asubuhi nilikwenda Sita Kilo, ambako Haile Selassie alitoa ikulu yake iwe chuo kikuu mwaka 1961. Chumba chake cha kulala bado kipo, kitanda kifupi kuliko nilivyotazamia. Mnamo Februari 1965 wanafunzi wa chuo hicho hicho waliandamana hadi bungeni wakiimba "meret le arashu", ardhi kwa anayeilima. Miaka minane baadaye Wollo ilikumbwa na njaa wakati nafaka ikisafirishwa kutoka mkoa huohuo, kwa sababu wenye njaa hawakuwa na fedha ya kuinunua, na tarehe 12 Septemba 1974 mfalme aliondolewa ikuluni katika kiti cha nyuma cha Volkswagen ndogo. Alikufa Agosti 1975, miezi mitano baada ya sheria ya ardhi, na alizikwa kwa heshima mwaka 2000 katika kanisa kuu la Utatu Mtakatifu. Kaburi ni la mawe mazito, na watalii walikuwa wakipigania zamu ya picha.

Gashe alinipeleka kulipa hoteli kabla ya uwanja wa ndege. Nilipewa risiti ndefu yenye maandishi ya Kiamhari, na kwa kuwa nimejifunza herufi chache niliinamia mstari wa juu, penye namba ya mlipakodi, nikaitafuta gi, kisha bi, kisha ri. Ilikuwepo. Nilimwonyesha Gashe kwa kidole. Alivaa miwani, akaisoma, akaikunja akaniwekea mfukoni mwa shati, akasema nisiipoteze, kwa sababu uwanja wa ndege wakati mwingine huiulizia.